Leona Skarda Thielen, Aliyengoja Saa Nzima

Baba Padri, ndugu, majirani wa Two Rivers, na nyinyi mliotoka Madison asubuhi hii mkiwa nyuma ya magari ya kuondoa theluji, familia za Skarda na Thielen zinawashukuru kwa kufika, na kwa ruhusa yenu Joel, mtoto wa pili wa marehemu, anawasomea maisha ya mama yake kama familia ilivyoyaandika pamoja mezani, kwa kubishana sana juu ya tarehe, kwa sababu aliyekuwa akizikumbuka tarehe zote ndiye tunayemzika leo.

Leona Marie Skarda alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 katika hospitali ya mji huu wa Two Rivers, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa kwanza wa Emil na Blanche Skarda, na baada yake akafuata Raymond, ambaye yuko hapa mbele na suti iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote kanisani, kama ilivyo desturi ya nyumba yao. Mzee Emil alikuwa na duka la dobi pale kwenye kona karibu na daraja, akisafisha makoti ya sufu, mapazia na magauni ya harusi kwa ile dawa inayotumika badala ya maji, na familia iliishi ghorofani, chumba cha watoto kikiwa juu ya mashine yenyewe. Harufu ya dawa ile ilikuwa tamu kidogo, ikakaa kwenye nywele, kwenye mashuka na hata kwenye mkate, na Leona alizoea kusema kwamba mpaka anakwenda chuo hakujua kuwa nyumba za watu wengine hunukia vitu vingine.

Alisoma katika shule ya parokia hii, akamaliza sekondari mwaka 1972, kisha akaingia chuo kikuu Madison kusomea kemia, ada ikilipwa na makoti ya watu, na akahitimu Mei 1976. Alifanya kazi miaka mitatu katika maabara ya kiwanda cha karatasi kule Green Bay, ambako alijifunza kupima moshi na kuvumilia utani wa wanaume, na tarehe 4 Septemba 1979 akaajiriwa na ofisi ya jimbo kule Madison inayosimamia ubora wa hewa, asitoke tena mpaka alipostaafu.

Kazi yake wengi wetu hatukuielewa, na yeye hakuchoka kutueleza, hasa wakati wa chakula. Serikali kuu kule Washington ilikuwa ikitoa viwango vipya vya moshi na gesi zinazotoka kwenye mabomba ya viwanda, boila, karakana za rangi na maduka kama la baba yake, na kila ilipofanya hivyo kanuni za jimbo zilikuwa zimepitwa na wakati, zikisema jambo moja huku za Washington zikisema lingine, na mwenye kiwanda asijue amsikilize nani. Leona ndiye aliyekaa akazilinganisha mstari kwa mstari, akafuta, akaongeza, akabadilisha, mpaka zikalingana, na alipomaliza Washington walikuwa wameshabadilisha tena. Jimbo liliruhusiwa kuwa kali kuliko Washington, lakini kulegea chini yake halikuruhusiwa, na kauli hiyo sisi watoto tuliisikia pia kuhusu saa ya kulala.

Tarehe 20 Juni 1981, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Duane Thielen, mwalimu wa bendi ya shule, mtu mpole ambaye amewaambia wageni miaka yote kwamba alimwoa mwanamke mmoja akapewa na serikali kuu juu yake, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Kristin aliyezaliwa mwaka 1984, na Joel, aliyezaliwa mwaka 1987 na anayesimama mbele yenu.

Kabla kanuni haijabadilishwa, sheria ilitaka kufanyike kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na kikao hicho Leona ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wananchi hawakuja. Miaka inapita, anafungua kikao, anasoma tangazo lote kwa sauti mbele ya viti vitupu, kinasa sauti kikizunguka, na mwenzake mpendwa Wendell Oakes, aliyekuwa mtunza kinasa sauti, anaangalia dirishani. Wenyeviti wengine walifunga baada ya dakika chache wakaenda kunywa kahawa, lakini Leona alikaa saa nzima iliyotangazwa, na mezani aliweka sahani ya kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu katikati, alizooka kwa mapishi ya mama yake, kwa ajili ya mwananchi atakayekuja, sahani ambayo Wendell ameshukuru kwa kilo zote alizoongezeka. Wakimcheka, alijibu kwamba huenda mtu yuko njiani amekwama kwenye theluji.

Ikafika zamu ya dobi. Washington iliamua kwamba mashine zinazotumia ile dawa ziondoke kabisa katika majengo ambamo watu wanaishi, ikatoa muda mrefu wa kuziondoa, na jimbo likatakiwa kuingiza kiwango hicho kwenye kanuni zake. Kwa mzee Emil, wakati huo ana miaka themanini, bado anafungua duka kila siku pamoja na Raymond, na ghorofani, katika vile vyumba vya zamani, amempangisha Bibi Chee Lor na binti yake mchanga, jambo hili lilikuwa ni kifo cha duka. Leona alikwenda kwa mkuu wake akamwambia wazi kwamba baba yake ni dobi na kwamba angependa mwingine alishike jambo hili, mkuu akamjibu kuwa maneno yote ni ya Washington, hakuna la kuamua, na zaidi ya hayo hakuna atakayekuja. Nyumbani hapakuwa na ugomvi, palikuwa na kimya, ambacho katika ukoo wa Skarda ni kibaya zaidi, na Krismasi ya mwaka 2006 baba na binti walizungumza habari za hali ya hewa tu.

Kikao kilikuwa Jumanne tarehe 13 Februari 2007, Madison, theluji inaanguka tangu alfajiri. Leona alisoma tangazo, akangoja. Robo tatu ya saa hiyo ilikuwa imepita Wendell alipoanza kufunga mkoba wake, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee Emil peke yake, amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Leona, theluji mabegani, baada ya kuendesha gari tangu kabla ya kupambazuka bila kumwambia Raymond. Akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Leona akamwomba ataje jina lake.

“Jina langu unalijua. La kwako nilikupa mimi.”

“Kwa ajili ya kumbukumbu, mzee.”

Akalitaja, herufi kwa herufi. Akaeleza kwamba amefanya kazi hii tangu aliporudi kutoka jeshini, kwamba hajawahi kumwaga dawa mtaroni, kwamba aachwe na mashine yake mpaka afe, maana hatachelewa sana. Alizungumza vizuri, Wendell anasema, bila kupandisha sauti. Kisha akaikunja kofia yake, na alipoendelea hakuwa tena anamtazama mwenyekiti.

“Lingine. Wanangu wawili walilala juu ya ile mashine mpaka wakawa watu wazima. Sasa mnasema si mahali pa mtu kulala. Nataka kujua kama niliwadhuru.”

Ndugu waombolezaji, katika kikao kile mwenyekiti haruhusiwi kujibu, kazi yake ni kusikiliza, na Leona hakuwahi kuvunja utaratibu huo kwa mtu yeyote. Alisema, asante, maoni yako yameingia kwenye kumbukumbu. Na kwa kuwa saa ilikuwa haijaisha, akangoja. Mzee akakaa mstari wa mbele na kolache mkononi asiile, binti mezani na miwani yake, Wendell katikati akitamani sakafu immeze, wote watatu wanatazama saa ya ukutani, mpaka muda ukatimia na Leona akatangaza kwamba kikao kimefungwa, akazima kinasa sauti kwa mkono wake mwenyewe, akatoka mezani akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni mwa baba yake.

Aliyosema pale Wendell aliyasikia akiwa ameinama anakunja waya. Alisema, “Sijui, Baba. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Lakini tulilala vizuri pale juu. Joto lilikuwa linapanda kutoka chini, tulikuwa tunasikia mashine, tukajua uko macho.”

Mzee akasema, “Basi andika hivyo.”

“Kikao nimeshafunga, Baba.”

Wendell anasema walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kanuni ilipita kama ilivyokuwa, bila kulegezwa hata neno. Mzee Emil alikuwa na miaka mingi ya kujiandaa aliyopewa na Washington, lakini masika ya mwaka uliofuata aliiondoa mashine, akaweka ya kusafisha kwa maji, akailaumu kila siku kwamba haijui sufu ni nini, na akaendelea kuilaumu kwa furaha mpaka alipofariki mwaka 2013, huku Kalia, binti wa Bibi Lor, akikua ghorofani. Kalia, tumekuona umekaa na mama yako pale nyuma, karibuni sana.

Leona alistaafu Juni 2016 wakarudi na Duane kuishi Two Rivers, akaimba kwaya, akawasahihisha wanakwaya. Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya figo, akatibiwa Green Bay na baadaye nyumbani. Raymond alimuuliza daktari lile ambalo wote tulikuwa tunaliwaza, kama ni ile dawa ya dukani, na daktari akasema kwa kweli hakuna anayeweza kujua. Leona aliposikia alitukataza kumbebesha baba yake kosa ambalo halijathibitishwa na hayupo kulijibu. Akaomba jambo moja, kwamba maneno aliyomwambia baba yake baada ya kufunga kikao, kwa kuwa hayakuandikwa popote, yasomwe leo mbele ya watu, yaingie kwenye kumbukumbu. Tumeyasoma. Tulilala vizuri, mzee Emil, na sasa imeandikwa. Alifariki Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, alfajiri, nyumbani kwake, mume wake na watoto wake wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioondoa theluji mlangoni petu kila asubuhi bila kugonga, wafanyakazi wenzake wa Madison, Wendell aliyetunza hadithi hii miaka yote bila kuiongezea chumvi, na akina mama wa parokia walioandaa sandwichi na saladi ya viazi chini ya kanisa, ambako mtakuta pia kolache za plamu, tumezioka kwa mapishi yale yale.

Ibada hii ilitangazwa kwamba itachukua saa moja, na tumetumia kama robo tatu. Jeneza halitafungwa sasa. Yeyote mwenye neno juu ya Leona aje mbele, aanze kwa kutaja jina lake, na kama hakuna, tutakaa hivi hivi kimya mpaka saa itimie, maana nje bado inaanguka theluji, na huenda kuna mtu yuko njiani.

Pumzika kwa amani, Mama, sisi tunangoja.