Mtafuta Vilivyopotea wa Tunduma na Mbwa Wake Shahidi

Mchungaji, masheikh mliotuheshimu kwa kutoka Tunduma hadi huku milimani, majirani na jamaa wote, familia inawaomba mtege masikio, kwa kuwa yatakayosomwa hapa yamepimwa, na pale ambapo jambo halikuthibitika litasemwa hivyo hivyo.

Marehemu Osea Nathanaeli Mwampashi alizaliwa tarehe 3 Machi 1960, katika kijiji jirani na Mbozi Mission, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nathanaeli, mkulima wa kahawa, na mama Nesta. Cheti cha ubatizo kinataja mwaka huo, ingawa mama yake alishikilia hadi mwisho kwamba ulikuwa mwaka mmoja nyuma, na familia imefuata cheti kwa sababu mama hakuwa na kielelezo zaidi ya uchungu wake.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari mjini Mbeya hadi 1978, ambako walimu waliandika kwamba anauliza kupita kiasi, tuhuma ambayo hakuikanusha. Mwaka 1981 aliajiriwa Tunduma kuwa mlinzi wa mizigo ya reli, akaitumikia kazi hiyo hadi tarehe 31 Desemba 1994, alipopunguzwa pamoja na wenzake, na wakati wenzake wakinunua mashine za kusaga, yeye alipanga chumba Majengo na kutundika kibao kilichosomeka NATAFUTA VILIVYOPOTEA.

Kibao hicho kilizaa kosa lililomfuata maisha yake yote, kwani watu walimdhania mganga, wakaja na kuku weusi, wakavua viatu mlangoni na kumwomba awatazamie kwenye maji. Naye aliwajibu wote kwa sauti ile ile ya upole, "Mama, mimi siagui, mimi nauliza," akawarudishia kuku wao, huku mbwa wake akiwasindikiza kuku hao kwa macho ya huzuni. Mbwa huyo aliokotwa akiwa mdogo chini ya lori kwenye foleni ya mpakani mwaka 1995, akapewa jina la Shahidi, kwa kuwa alitazama kila kitu na hakuongeza neno.

Shauri lililomtangaza marehemu lilianza Jumamosi ya tarehe 13 Julai 1996, pale Bi. Fatu, mfanyabiashara wa nguo, aliporudi kutoka Mbeya alikokwenda tangu Ijumaa mchana, akakuta cherehani yake mpya haipo dukani, kufuli halijavunjwa, na ufunguo wa pili uko mikononi mwa fundi wake, binti Loisi Sichone wa Msangano. Mtaa ulimhukumu Loisi kabla ya chai ya jioni, ikakubaliwa kwamba kikao cha Jumatatu kikimwona ana hatia atapandishwa gari arudi kwao na jina la mwizi, jina ambalo lingefika Msangano kabla yake na lisingemtoka hata akizeeka.

Marehemu alianza na kile ambacho wengine walikuwa wamekitupa. Mama mmoja muuza vitenge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amesikika asubuhi ya Ijumaa akisema, "Ashraf na cherehani ya shangazi yake, kuvuka ni mailo," na majirani, waliolijua neno hilo la Kibemba kuwa ni jana, walimcheka na kumwita mwongo, kwa sababu Bi. Fatu alikuwa akishonea cherehani hiyo wakati huo huo. Marehemu alivuka mpaka na Shahidi, akamkuta yule mama, akamuuliza swali moja tu, "Mailo ipi, mama, iliyopita au inayokuja?" Mama akacheka mpaka akashika kiuno, akamjibu, "Iwe, nyinyi Watanzania! Jana ni mailo, kesho nayo ni mailo, mnasikia nusu mnaondoka." Ashraf, mtoto wa kaka yake Bi. Fatu, aliyeishi nyumbani kwa shangazi huyo ulikolala ufunguo wa kwanza, alikuwa amemwomba mama huyo kibaraza aanzishe ushonaji wake, na kesho aliyoitaja ndiyo Jumamosi yenyewe.

Jumatatu, mzee Seleman akiongoza kikao, yule mama akisubiri nje, ilitolewa amri ya kawaida, "Shahidi aingie," na mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akainuka, akajikung'uta vumbi, akawapita wazee mmoja mmoja, akaenda kuketi juu ya miguu ya Ashraf. Mtu akanong'ona, "Mganga kamtuma," naye Ashraf akabadilika rangi, akasema, "Mzee Seleman, mtoeni huyu, nasema." Bi. Fatu akamwambia, "Sema basi, mtoto wa kaka, mbwa unamtazamia nini?" Akasema yote, na cherehani ikatolewa chini ya magunia ya mahindi, alikoificha Jumamosi mtaa ulipochafuka, kabla haijavuka.

Familia inalazimika kutamka kwamba mwenendo wa mbwa si ushahidi, tena Ashraf, aliyeomba mwenyewe haya yasomwe, anakiri kuwa alimtupia Shahidi mabaki ya sambusa kila asubuhi. Kilichomwokoa Loisi ni neno moja lililoulizwa vizuri, ingawa Tunduma hadi leo inampa sifa mbwa, na marehemu hakuwahi kukata rufaa.

Loisi alipanda gari kwenda Msangano kweli, lakini akiwa na washenga wa marehemu. Ndoa ilifungwa tarehe 14 Juni 1997, bwana harusi akivaa suti iliyoshonwa na Ashraf, yenye mguu mmoja mfupi, kama picha zinavyothibitisha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ikupa mwaka 1998 na Deus mwaka 2001. Shahidi alikufa kwa uzee mwaka 2008, na siku hiyo kibao kilishushwa hadi jioni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2013, akiwa njiani kutoka Chitete kufuatilia ng'ombe wa watu, akalazwa mara ya mwisho Septemba 2015. Jumatatu ya tarehe 5 Oktoba, muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha, alimshika mkewe mkono akasema, "Haya mama Ikupa, mailo," na alfajiri ya Jumanne akaitwa na Bwana. Familia imelipima neno hilo, na haina kielelezo cha kuamua kama alikuwa akimkumbusha jana yao au akimwahidi kesho. Mama Ikupa ameagiza yote mawili yaandikwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Majengo waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa reli, akina mama wa Nakonde waliovuka asubuhi hii, na ndugu Ashraf aliyeshona nguo zote za msiba tulizovaa, safari hii miguu ikilingana.

Pumzika kwa amani, Osea. Mailo.