Karibu Jirani wa Namba Kumi

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Niliyaelewa hayo ndani ya basi, nyuma ya fundi bomba na mama mmoja mwenye tovuti ya mtaa wao.

"Umetangazia mtaa mzima: 'Karibu jirani mpya wa namba kumi, mke wa fundi bomba!'"

"Kwani si mkeo? Fomu kaijaza mwenyewe, na picha ya harusi kaweka."

"Ni mke wangu. Ila wa namba tatu naye ni mke wangu, na alikuwa hajui! Nguo zangu ziko getini."

Katikati zipo nyumba sita. Maskini fundi, alidhani ni ng'ambo.

"Futa, kisha uombe radhi. Tovuti ni ya mtaa!"

"Ya mtaa ni mitaro, shemeji. Tovuti ni yangu."

Basi likasimama.

"Shuka, umefika kwako, nyumba zote mbili. Mimi nimekaribisha mgeni. Radhi siombi."