Kaka Yetu Asali, Mkalimani wa Majirani

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake wa mwisho, nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wanawe wamesema hawataweza, basi nivumilieni, sauti yenyewe imekwisha.

Marehemu kaka yetu, ambaye wizarani walimwita Asali na sisi nyumbani tukafuata mkumbo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika mji huu wa mpakani, mwaka ule ule majeshi ya nchi yetu yalipovuka daraja kwenda kuwalinda majirani, ambao hawakuwa wameomba kulindwa, yakakaa huko mpaka yalipochoka. Alianza shule mwaka 1958, na kila alasiri alivuka kwenda kuuza mayai katika soko la ng'ambo, huko ndiko alikookota lugha yao, hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Mwaka 1974, nchi yetu ilipoweka bunduki chini ikashika mikopo ya kuwakopesha majirani na kuanza kujiita kaka mkubwa, marehemu aliajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nje kuwa mkalimani, akapewa kiti kisicho na mikono, nyuma kidogo ya waziri, katika chumba cha meza ndefu na mapazia ya kijani, mawaziri wakaja wakaondoka, yeye na kiti chake wakabaki. Jina la Asali alilipata hapo, maana waziri akibwata kwamba hawa watu hawana shukrani, majirani walisikia kwamba mheshimiwa angefurahi kuona ushirikiano zaidi, na nawaambieni, ugomvi mwingi ulifia mdomoni mwake.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa wifi yangu, mwalimu wa chekechea kutoka ng'ambo, mcheshi kweli kweli, wakajaliwa binti na mvulana, wote wawili wapo hapa mbele yenu.

Mwezi Novemba 1989 majirani walikuwa wanasitasita kuipa nchi yetu kambi ya jeshi kwenye ardhi yao, waziri akasema wasipokubali kufikia Ijumaa mpaka utafungwa, na kaka, kwa mazoea yake, akawafikishia kwamba tungependa jibu mapema ili shughuli za mpakani zisipate usumbufu. Wageni wakatabasamu, wakasema watalifikiria, wakaenda zao. Ijumaa mpaka ukafungwa kweli, wifi akiwa ng'ambo anamuuguza mama yake, naye akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akafariki tarehe 21 Januari 1990, akazikwa huko huko, mume wake amesimama upande huu wa daraja na kitambulisho cha wizara mkononi, asipitishwe. Jamani, iliniuma, inaniuma hadi leo.

Tangu hapo hakupoza neno tena, tusi lilifika likiwa tusi, wakubwa wakalalamika kwamba Asali anaharibu ujirani mwema, yeye, hebu fikirieni, wakamhamishia masjala hadi alipostaafu mwaka 2011. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na alfajiri ya Jumanne iliyopita akafariki katika hospitali ya mkoa, akiwa ameacha wosia mmoja tu, azikwe kando ya mkewe.

Sasa nchi yetu imegeukia biashara, daraja limefunguliwa kwa bidhaa, watu bado. Tumezunguka ofisi zote tukaambiwa njoo kesho, mpaka ofisa mmoja wa forodha, Mungu ambariki, akasema kinachovuka ni mzigo, basi kaka ameandikishwa kuwa mzigo, saa tisa atavuka kwa lori la saruji, sisi na wanawe tutaishia getini, shemeji zake watampokea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia bila kuombwa, wafanyakazi wenzake mliochanga, na wizara kwa shada kubwa la maua, lenye utepe unaosema alijenga daraja kati ya mataifa, ambalo halimo kwenye kibali, kwa hiyo litabaki huku.

Kaka, ukimfikia wifi, mpozee maneno kama zamani, mwambie tu mpakani kulikuwa na foleni. Upumzike kwa amani, Asali wetu.