Mikono ya Bibi Harusi Iko Angani

Benchi lile limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani, chini kabisa ya dirisha lake, na guu lake moja ni tofali. Wanaolikalia ni walewale: Meja, mlinzi mstaafu ambaye jeshini hajawahi kufika, Breki, dereva aliyeacha kazi baada ya breki kumwacha yeye, na Rubani, mume wa fundi, ambaye hajapanda ndege hata siku moja ila huziunda kwa vijiti na gundi kwenye meza ya kulia chakula. Birika la kahawa hutoka kwa fundi, makelele hutoka kwao. Asubuhi hiyo makelele hayakuwepo, na mama yeyote aliyelea anajua kwamba kimya ndicho cha kuogopwa. Fundi akachungulia dirishani. Wote watatu walikuwa wameinua shingo juu, kama kuku wanaomeza maji.

— Baba watoto, karatasi zangu za mikono ziko wapi?

Rubani hakushusha shingo.

— Karatasi zipi?

— Zile nyeupe, laini, nilizozibana kwa pini ukutani. Vipimo vya mikono ya gauni la bibi harusi.

— Aa, zile.

— Ndiyo. Zile.

Breki akakohoa.

— Shemeji, mimi simo, lakini ziko juu.

— Juu ya nini?

— Juu tu.

Ikabidi Rubani aeleze. Ndege yake mpya aliiunda kwa kufuata mchoro wa zamani, wa enzi ambazo mtu hakuwa na rimoti. Haina injini. Unasokota utepe wa mpira, ukiuachia unazungusha pangaboi, na ndege ikishatoka mkononi haina wa kuiongoza. Ndiyo maana mkiani hufungwa uzi unaoungua polepole kama dawa ya mbu; uzi ukiisha, mkia unafyatuka na ndege inashuka yenyewe. Leo, pale kwenye uwanja wa mpira, ilikutana na hewa ya joto inayopanda. Ikapanda nayo, ikizunguka kama mwewe, mpaka wakaipoteza machoni. Na uzi haukuwa umewashwa.

— Kiberiti alikuwa nacho Meja, alisema Rubani.

— Nilikuwa nacho, sikatai. Nani aliniambia "washa"? Mimi ni mtu wa amri.

— Si ulikuwa unawasha sigara?

— Sigara haihitaji amri.

— Nimeuliza karatasi zangu! alisema fundi.

— Mke wangu, karatasi ya dukani ni nzito mno kuvika mabawa. Yako ukiipulizia maji inakaza kama ngoma. Nikajua umeshamaliza nayo.

— Ningekuwa nimemaliza, ningeibana ukutani?

— Tena nimekusaidia. Mkono mmoja uliukata mfupi, halafu una kombo hapa kwenye kiwiko. Nikasema, maskini, alikata huku anasinzia. Nikaisawazisha kwa kuikunja, maana mabawa yasipolingana…

— Nyamaza.

Alilisema neno hilo taratibu, akiishika futi iliyoning'inia shingoni mwake.

Fundi hakuwa amesinzia. Binti yule, bibi harusi mwenyewe, alivunjika mkono utotoni ukaungwa vibaya, na tangu hapo hatoki bila mtandio, hata jua likichoma. Alikuja mara nyingi kabla hajakubali kuuvua, na alipokubali, mlango ukiwa umefungwa, alifumba macho futi ilipokuwa ikipita kwenye kiwiko. Fundi alimwahidi mambo mawili: hatampima tena, na hatamwambia mtu. Hata mumewe. Hasa mumewe, mtu wa benchi. Lesi ilikuwa mezani, ya kutosha gauni moja bila kosa hata moja, na binti anakuja leo.

— Si umpime tena? alisema Breki. Kwani mikono yake imehama?

— Haiwezekani.

— Basi pima ya mtu mwingine. Mikono ni mikono, shemeji. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

— Hilo linahusiana na nini?

— Na mikono.

Fundi akaisogeza lesi mbali na dirisha. Alikuwa na maneno ya kuwajibu, tena mengi, na hakuna hata moja aliloruhusiwa kulisema.

— Niambieni imeangukia wapi, niifuate kwa miguu. Basi.

— Nyuma ya tangi la maji, alisema Meja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo mtaka cha juu sharti alale chali. Nimelala chali, nimeiona.

— Ulilala chali kwa sababu uliteleza! Haijaanguka ile, alisema Breki. Kulikuwa na mwewe juu. Alizunguka nayo, akaipenda, akaenda nayo kwake. Sasa hivi wanajenga.

— Mwewe aoe vijiti?

— Wewe hujaona watu walivyooa?

— Nyote hamjui hewa, alisema Rubani. Hewa ile haikomi mpaka jioni. Hesabuni upepo. Saa hizi iko mpakani.

— Basi tumekwisha, alisema Meja. Watapekua, watakuta mikono miwili haina mtu. Hiyo si ndege tena, hiyo ni kesi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji, alisema Breki, akisogeza kikombe. Hebu mimina kahawa.

Fundi alinyoosha mkono kupitia dirishani, akalichukua birika, akaliingiza ndani.

— Shikamooni.

Binti alikuwa amesimama mbele ya benchi, mtandio begani.

— Marahaba, mwanangu. Pita ndani.

— Umeshakata mikono?

— Bado. Pita kwanza.

Hakupita. Macho yake yalikuwa yametua shingoni mwa fundi, kwenye futi.

— Ulisema mara moja tu.

— Nilisema.

— Si uliweka kwenye karatasi? Karatasi imekwenda wapi?

Meja alichungulia kikombe kitupu. Breki aliinama akafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Rubani alifungua mdomo, kisha akauona mtandio, na jinsi binti alivyoubana upande mmoja, pale penye kiwiko. Akakumbuka ule mkono mfupi wa karatasi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hakuna hata mmoja kwenye benchi aliyekuwa akitazama juu.