Walivyonitoa Namba Tisa Wakanipeleka Mikumi

Bwana apewe sifa, kanisa! Shikamooni wazazi wangu. Naitwa Upendo, binti wa kijiji cha Munisagara, na nimesimama kushuhudia jambo ambalo mimi mwenyewe bado silielewi vizuri.

Ndugu zangu, nilikuwa mfungaji. Namba tisa! Kwenye mashindano ya shule pale Kilosa, kocha wa timu moja ya ligi kuu ya wanawake aliniona, akanichukua timu yao ya vijana. Nyumbani walishangilia. Mimi nikajua nimefika.

Kumbe! Nilifanya mazoezi hata na timu ya wakubwa, lakini jina langu halisomwi siku ya mechi. Leo kocha ananisifu, kesho ananipita kama hanijui. Msimu ulipoisha wakanitoa kwa mkopo kwenye timu ndogo ya Mikumi. Huko kocha wetu, Mwalimu Tabitha, akanitoa mbele akanirudisha nyuma, beki wa kushoto. Mimi! Namba tatu!

Mama akapiga simu. "Mwanangu, wamekufukuza?"

"Sijui, Mama."

"Sasa hujui vipi, na wewe ndiye uko huko?"

Nililia mpaka kichwa kikauma. Asubuhi moja nikabeba begi langu nikaenda stendi kungoja gari la Kilosa. Nikiwa nimekaa pale nikataka kuomba, maneno yakakataa. Nikasema tu, "Bwana, sijui hata nikuombe nini." Ndugu zangu, sikusikia sauti. Sikuona nuru. Gari lilikuja, konda akaita, miguu ikagoma kupanda. Mpaka leo siwezi kueleza! Nikajikuta narudi uwanjani na begi langu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na hilo begi?"

"Mwalimu, naomba uniambie. Nimetupwa?"

Akanishangaa. "Nani kakwambia? Makocha wako wa kule wananipigia kila mara kuuliza unaendeleaje. Wewe una mbio, lakini ulikuwa hujui kukaba. Wamekuleta ucheze, maana kule ungekaa benchi tu."

"Mbona hawakuniambia?"

"Hukuuliza. Na wao nao hawakukumbuka kukwambia. Kavae viatu."

Haleluya! Nilicheza Mikumi msimu mzima, nikapigwa chenga mbele za watu, nikajifunza. Wakanirudisha kule timu kubwa. Beki wao wa kushoto akahamia timu nyingine, nikapangwa mimi, na tangu hapo naanza kila mechi. Namba tatu!

Je, Mungu alipanga haya, au makocha? Sijui, ndugu zangu. Nimejaribu kuyatenganisha nimeshindwa. Namshukuru Yeye, nawashukuru na wao. Mwalimu Tabitha, Mungu akutunze.

Wewe uliyewekwa mahali usipopaelewa, usikimbie kwanza. Muulize Mungu, na mtu aliye karibu muulize pia. Mwamini Yesu hata kama kichwa hakijatulia, changu bado. Kesho narudi kambini, wamesema kuna kocha mpya, sijui ataniweka wapi. Nitaenda. Anayetaka tuombe pamoja, aje hapa mbele.