Bibi Anayehama kwa Sababu ya Kisigino

Leo kwenye Noah ya kwenda Chome, bibi aliyekaa mbele yangu alikuwa anamweleza kaka mmoja mwenye magunia matupu ya tangawizi kwamba anahama Same mjini moja kwa moja, anarudi kwake mlimani. Kisa, kisigino. "Asubuhi nikishuka tu kitandani, kama nimekanyaga msumari. Milima nimepanda miaka yote haikuniuma. Miezi minne kwa mwanangu, kwenye sakafu ya tailizi, ndiyo haya."

"Bibi, hiyo gauti. Punguza nyama."

"Nyama naiona Idi mpaka Idi."

"Basi kisukari." Huyu kaka alikuwa na jina la ugonjwa kwa kila kona ya barabara.

"Nimepimwa, sina. Nesi kasema sakafu ngumu, nivae ndala ndani. Ndani, mwanangu! Nikanyage sebule ya mkwe na viatu, na mtoto anatambaa hapo hapo?"

"Si unanunua za ndani tu?"

"Ndala ni ndala."

Nilimwelewa nesi, nikamwelewa na bibi, mwisho sikuelewa chochote.

"Sasa mjukuu unamwachia nani?"

Bibi akageukia dirishani. "Anavyonilalia mgongoni yule… Kwangu sakafu ni ya udongo, kisigino kitapoa. Kikipoa nitamrudia."

Gari likasimama kwake. Akavua ndala, akashusha mguu kwenye udongo wa kwao, akapiga ukelele, akang'ang'ania mlango.

Kaka akamwangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Ni kukaa sana garini tu," bibi akasema, ila mlango hakuuachia.

Konda akauliza, "Bibi, umeshuka au hujashuka?"