Mzee Lenox Oyoo, Fundi wa Suti, na Upasuaji Tulioughairi

Wachungaji, ndugu na majirani wa Kangemi, mimi ni Isaiah, kifungua mimba wa Mzee Lenox Oyoo, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Ugenya, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1966, na mwaka 1970 akaja Nairobi, akafunzwa ushonaji na Bwana Gurmeet dukani kwake Westlands, akashona suti katika duka hilo kwa miaka thelathini na minane, na wamo mawakili humu waliofunga ndoa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa mama yetu, Joyline Awiti, wakajaliwa mimi na dada yangu Debra, ambaye Baba alimdekeza waziwazi, nami nikanuna miaka mingi.

Januari 2024 chakula kilianza kumkataa, na hospitali moja ya Upper Hill ikagundua saratani ya tumbo iliyokwisha kukomaa. Daktari Mwelu alitueleza kwamba angepewa dawa kwanza kwa miezi miwili ili uvimbe unywee, ndipo apasuliwe. Tuliogopa, tukasema dawa hizo zitammaliza mzee wa umri wake, lakini Baba akatujibu kwamba kitambaa cha pamba huloweshwa kwanza kinywee, ndipo fundi akikate, na anayeruka hatua hajui kazi.

Dawa zilimchosha, nywele zikaisha, vidole vikafa ganzi hata Mama akawa ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano, lakini kufikia Mei alikuwa anamaliza ugali na omena, na picha zikaonyesha uvimbe umepungua nusu.

Hapo ndipo nilipokosea. Upasuaji ulipangwa tarehe 17 Juni, Baba akafunga mkoba wake mapema, nami nikasema Mungu ameshamponya, kisu cha nini tena, tukampeleka Ugenya kwa ibada ya shukrani, na daktari alipopiga simu mara tatu sikupokea. Tuliporudi hospitalini Oktoba, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini, na tarehe 9 Februari 2025 akatuacha, Mama akiwa amemshika mkono.

Tunamshukuru Daktari Mwelu na wauguzi, waliotupokea tena bila neno baya, familia ya Bwana Gurmeet, mafundi wenzake, na ninyi majirani mliotupikia wiki nzima. Wenye wazazi wagonjwa, msipoelewa jambo, ulizeni, msiamue kama mimi.

Baba, mkoba ulikuwa umeshaufunga, ukaufungua kwa sababu nilikuambia, na hukunilaumu hata siku moja. Nisamehe, upumzike kwa amani.